Pesa Yangu Inavuka Mpaka, Gemu Inakataliwa



Mimi naishi Uingereza. Mwaka jana mpwa wangu wa Tanga alifaulu kidato cha nne, nikamnunulia zawadi ya gemu ya kompyuta kwenye duka moja la intaneti. Pauni 40 zilikatwa papo hapo. Kwenda kuipokea, akaambiwa haifunguki katika nchi yake. Akanipigia: "Shikamoo mjomba. Ile gemu inanikataa." Kurudishiwa pesa nilizungushwa wiki tatu.

Wenye maduka husema vizuizi vipo kwa sababu nchi maskini huuziwa rahisi, hivyo mtu wa nchi tajiri asijipenyeze huko akanunua kwa bei ya chini. Haya, nakubali. Lakini mimi nililipa bei ya Uingereza! Aliyenunua ghali akimpa ndugu yake wa nyumbani, nani kaibiwa hapo?

Wala si mimi peke yangu. Mei 2024 Sony ilitaka wanaocheza Helldivers 2 kwenye kompyuta wawe na akaunti ya PlayStation Network, huduma ambayo Tanzania na Kenya haikuwepo rasmi. Gemu ikaondolewa sokoni katika nchi zaidi ya 170, na huko wapo waliokwisha kulipa. Wachezaji wakapiga kelele dunia nzima. Baada ya siku chache Sony ikafuta sharti lile.

Ulaya nao hawakunyamaza. Januari 2021 Kamisheni ya Ulaya iliwatoza Valve na kampuni tano za gemu faini ya jumla ya euro milioni 7.8, kwa kuzuia gemu zilizonunuliwa baadhi ya nchi za Umoja zisifunguke katika nchi nyingine za humo humo. Valve ikaenda mahakamani, ikashindwa 2023.

Sisi je? Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ina nguvu tangu 2010. Mahindi tunayabishania mpakani kila msimu. Bidhaa ya mtandaoni nani anaiulizia?

Msiniambie huu ni mchezo wa watoto. Vitabu na programu za ofisi navyo vinauzwa kwa mtindo huo huo: unaandikiwa "nunua", kumbe umepewa ruhusa tu, na aliyekupa anaweza kuifunga.

Hoja yangu ni hii: aliyelipa afunguliwe popote alipo, au arudishiwe pesa yake siku hiyo hiyo. Na kama kuna mpaka, duka liseme kabla halijapokea pesa. Muuza redio wa Kariakoo hakuulizi utaisikilizia Tanga au Mombasa.

Nawasilisha.