Rada Haioni Kiwiko

Nimekuwa kimya kidogo, kazi zimenibana. Leo nataka tuzungumzie besiboli, na tafadhali usifunge ukurasa bado. Najua wengi wetu hapa Kenya ni watu wa kandanda, na mimi mwenyewe sijaelewa sheria zote za mchezo huo. Kilichonivuta ni tarakilishi.

Katika vyuo vikuu vingi vya Marekani, besiboli siku hizi inachezwa mbele ya rada. Kampuni ya TrackMan ya Denmark, iliyoanza mwaka wa 2003 na rada za gofu, huuza chombo kinachofungwa juu, nyuma ya mpigaji, na kufuatilia kila mpira. Mrushaji akirusha, rada inatoa kasi, idadi ya mizunguko kwa dakika, mahali mkono ulipoachia mpira na jinsi mpira ulivyopinda njiani. Ukigongwa, inatoa kasi na pembe ya kutoka kwenye gongo. Yote haya yanaingia kwenye hifadhidata. Kwa mtu wa programu kama mimi, hiyo ni raha tupu!

Na inasaidia. LSU waliotwaa ubingwa wa vyuo mwaka wa 2023 walikuwa na kocha wa warushaji, Wes Johnson, anayejulikana kwa kupenda vipimo hivi, na aliyekuwa ametoka timu ya kulipwa ya Minnesota Twins. Mrushaji wake Paul Skenes, aliyehamia hapo kutoka chuo cha jeshi la anga, alichaguliwa wa kwanza kabisa ligi kuu ilipoteua chipukizi mwaka huo huo.

Sasa kinachonikera. Niliwahi kufanya kazi mahali ambapo meneja aliamua kuhesabu kasoro tulizorekebisha kila wiki. Unajua kilichofuata? Kasoro moja ilikatwakatwa ikawa tano, ripoti zikapendeza, programu ikabaki mbovu vilevile. Watu hukimbilia kinachohesabiwa. Sisi tuliharibu programu tu. Kijana wa miaka 19 akifanya hivyo uwanjani, anaharibu mkono wake.

Maana kwenye skrini anaona kasi na mizunguko, na anajua wasaka vipaji wa timu za kulipwa wanatazama namba hizo hizo. Basi kila mpira anaurusha kwa nguvu zote. Desemba 2024 ligi kuu yenyewe, MLB, ilitoa ripoti kuhusu majeraha ya warushaji, ikataja kusaka kasi, kusaka mipindo ya mpira na kurusha kwa nguvu zote miongoni mwa sababu, hata kwa vijana ambao bado hawajalipwa. Kano ya kiwiko ikikatika, mara nyingi dawa ni upasuaji uitwao Tommy John, kwa jina la mrushaji wa kwanza kufanyiwa, mwaka wa 1974. Kurudi uwanjani huchukua mwaka au zaidi. Chuo ni miaka minne. Piga hesabu mwenyewe.

Tena tangu mapatano ya kesi ya House yaliyoidhinishwa Juni 2025, timu za vyuo vilivyojiunga nayo zina kikomo cha wachezaji 34. Ukiwa wa 35, utamwambia kocha umepunguza nguvu ili kulinda kiwiko? Thubutu!

Sisemi rada zing'olewe. Chuo cha Wake Forest kina maabara ya warushaji ambako kamera hufuata mwendo wa mwili mzima na sahani zilizofukiwa chini hupima nguvu ya miguu. Kutokana na vipimo hivyo unaweza kukadiria mzigo unaobebwa na kiwiko na bega. Kwa hivyo kupima kunawezekana. Shida iko kwa anayepanga skrini, yaani mtu kama mimi. Kasi huwekwa juu kwa herufi kubwa kwa sababu ni rahisi kuipima na inampendeza kila mtu.

Ningepewa kazi hiyo, jambo la kwanza ambalo mrushaji angeliona akifungua programu ni mipira mingapi ya nguvu zote amerusha wiki hii na amepumzika siku ngapi. Kasi ningeisukuma ukurasa wa pili. Kocha angelalamika. Na alalamike tu.