Mbwa Mzee Si Mbwa Kichaa

Barua zinazoletwa katika safu hii aghalabu huhusu ada za shule, wakwe na bei ya mkaa. Mwezi uliopita ilifika moja ya aina nyingine. Mwandishi wake ni mfanyakazi wa kiwandani, anaishi na mkewe na watoto wanne huko Mabibo, Dar es Salaam, na kwa miaka 11 amefuga mbwa mmoja. Sasa macho ya mbwa huyo yameingia ukungu, huamka kwa shida, na mara mbili amewangurumia watoto waliompitia karibu. Majirani wamemshauri amtie ndani ya gunia, ampakie kwenye pikipiki usiku, akamwache mbali, maana eti anaanza kichaa. Ndugu huyo anauliza: je, huo ni ukatili au ni tahadhari?

Swali hilo nalifahamu. Nilikwisha kulijibu mara moja, vibaya, nikiwa na umri wa miaka 10.

Kwetu ni Samuye, mkoani Shinyanga: nchi ya migunga na mibuyu, pamba na mtama, na maboma yaliyozungushiwa minyaa. Huko mbwa ni mfanyakazi. Hafugwi kwa kubembelezwa wala haingii ndani ya nyumba. Alfajiri huondoka na watoto wachungaji nyuma ya ng'ombe. Mchana hulala kivulini akiwa amefumba jicho moja tu. Na usiku ndipo hasa huanza zamu yake, kwa sababu fisi wa Usukumani hajasahau njia ya kwenda kwenye zizi la mbuzi. Ujira wake ni ukoko wa ugali na, siku ya neema, mfupa. Majina yao nayo ni habari ya peke yake. Wako akina Simba na Popi kama kwingineko, lakini wapo pia waliopewa majina ili majirani wasikie: Wivu, Acha Waseme, Hamtaniweza. Mtu akimwita mbwa wake jioni, kitongoji kizima hujua ni nani hasemezani na nani.

Mbwa wa utoto wangu aliitwa Askari. Alikuwa wa rangi ya mchanga, mkia umepinda kama mkono wa kikombe. Alizaliwa kabla yangu kidogo, hivyo ulipofika mwaka 1999 mimi nilikuwa bado mtoto na yeye alikuwa mzee. Watu husema kwamba mwaka mmoja wa mbwa ni miaka saba ya binadamu. Hesabu hiyo si sahihi, kwa kuwa mbwa hupevuka upesi mno katika mwaka wake wa kwanza, kisha mwendo hupungua. Lakini kwa mbwa aliyevuka miaka 10 haidhuru unahesabu namna gani. Askari alianza kuota mvi puani. Halafu akawa anabaki nyuma ya mifugo, halafu akawa habanduki nyumbani. Mwishowe masikio yake yakafa kabisa. Sisi watoto tuligundua kwamba ukimwita kwa jina haji, bali ukimpungia mkono akiwa anakutazama, huja kadiri miguu inavyomruhusu. Tukaufanya mchezo.

Siku moja ya kiangazi mdogo wangu wa kike, aliyekuwa na miaka minne, alimkanyaga mkia akiwa usingizini. Askari alizinduka na kuuma kilichokuwa karibu, yaani mkono wa mtoto. Alipotambua ni nani, alirudi nyuma akalala chini, kidevu mchangani. Hayo niliyaona mimi peke yangu, na hakuna aliyeniuliza. Mama akaondoka na mtoto kwenda hospitalini mjini. Jioni neno lilikuwa limekwisha kuzunguka: kichaa. Wanaume walikuja na marungu, lakini Askari alikuwa amejificha chini ya kihenge cha mtama na hakuna aliyethubutu kuingiza mkono. Baba akanigeukia, akasema, "Mwite."

Nikachuchumaa mahali ambapo angeweza kuniona, nikampungia mkono. Akatoka, akaja kwangu, mkia ukitikisika.

Sitaeleza zaidi. Mzoga ulitupwa korongoni. Mdogo wangu alichomwa sindano zote na leo ana watoto watatu. Baba hakulitaja tena jina la Askari.

Wale wanaume siwalaumu kwa kuogopa. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili katika mwili wa binadamu, karibu hakuna anayepona. Inakadiriwa kwamba watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huo duniani kila mwaka, wengi wao katika Afrika na Asia, na sehemu kubwa yao ni watoto. Karibu wote huambukizwa na mbwa. Wala kinga yake si jambo geni: Louis Pasteur alimchanja mtoto Joseph Meister mjini Paris mwaka 1885. Wataalamu wanatueleza kwamba wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Jambo hilo si la vitabuni tu. Kisiwani Pemba uchanjaji wa mbwa umekwisha kuukata ugonjwa huo, na uliporudi tena ulikatwa kwa njia ile ile.

Tulilokosea siku ile ni haraka. Mbwa aliyeuma mtu, naye akiwa anaonekana mzima, hufungwa mahali salama na kuangaliwa kwa siku 10. Ikiwa mate yake yalikuwa na ugonjwa siku aliyouma, basi katika muda huo atakuwa ameonyesha dalili au amekufa. Akizimaliza siku hizo anakula na kunywa, hakuambukiza mtu kwa meno yale. Aliyeumwa yeye hasubiri hesabu hiyo. Huosha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, kwa dakika 15, na siku hiyo hiyo huenda hospitalini kuanza sindano. Baadaye, mbwa akithibitika kuwa mzima, daktari ndiye ataamua kama ziendelee.

Hali kadhalika, mwenye mbwa hana budi kujua kwamba kichaa huja kwa siku, na uzee huja kwa misimu. Mbwa kichaa hubadilika ghafla: mpole huwa mkali au mkali huwa mpole kupita kiasi, mlio wake hugeuka, mate humtiririka kwa kuwa hawezi kumeza, taya hulegea, huuma hata mti na jiwe, miguu hupooza, na katika siku chache huwa amekwisha kufa. Mbwa mzee humngurumia mtu kwa sababu hakumsikia akija. Huo ni woga wa kipofu aliyeguswa bila kupigiwa hodi.

Baada ya Askari hatukufuga mbwa kwa miaka 13. Mwaka 2012, ule ambao Geita na Simiyu zilifanywa kuwa mikoa, kaka yangu alirudi kutoka machimbo madogo ya Geita. Hakuja na senti. Ndani ya mfuko alikuwa na mtoto wa mbwa, naye alimpa jina la Dhahabu, ili akiulizwa kama amerudi na dhahabu aweze kuapa bila kusema uongo. Sote tulicheka isipokuwa Baba. Alimtazama mbwa yule kwa muda mrefu, kisha akauliza chanjo hutolewa wapi. Kadi ya chanjo ya Dhahabu ikawekwa katika kisanduku cha bati, pamoja na kadi ya Baba ya chama, vyeti vyetu vya ubatizo na stakabadhi za pamba za miaka iliyopita. Kila mwaka ilitolewa, ikaandikwa, ikarudishwa.

Julai 2024 Mama alinipigia simu. "Mwanangu," alisema, "Dhahabu amemwuma mtoto wa jirani. Baba yako anakuhitaji." Nikaomba likizo ya siku 14 nikapanda basi.

Nilimkuta Dhahabu amefungwa chini ya mkwaju, macho yote mawili meupe kama maziwa. Mtoto alikuwa amekwisha kuoshwa jeraha na kupelekwa hospitalini, nauli na gharama zote juu ya Baba. Jirani alikuwa amekuja na wenzake na mkuki. Baba hakubishana naye. Alifungua kile kisanduku, akatoa kadi, akasema, "Siku 10. Akibadilika, nitamwua mwenyewe mbele yako." Akamkaribisha jirani aje kila asubuhi amtazame mbwa akila. Kila alipokwisha kula, Baba alichora mstari kwa mkaa kwenye nguzo ya zizi.

Siku ya nne Dhahabu alikataa chakula. Jirani alikuwapo. Hakuna aliyesema neno. Nilimwona Baba akiugeuza ule mkuki mkononi, akiupima uzito. Ndipo Mama akainama, akaminya ugali ule kwa vidole, akasema kwamba ni wa jana, umekauka, na mbwa huyu magego hana. Alikwenda jikoni akauloweka katika mchuzi wa dagaa. Tulisimama tukingoja upoe. Dhahabu aliunusa, akala wote, akakilamba chombo mpaka kikasogea hadi mwisho wa kamba. Baba alichora mstari wake. Mkono wake, nasema kweli, ulikuwa unatetemeka.

Siku ya 10 jirani alikuja mapema kuliko kawaida. Alitazama, akahesabu mistari kwenye nguzo, akasema kwamba mwaka ule mvua huenda zikachelewa, akaenda zake.

Kwa ndugu yetu wa Mabibo, basi, nitaandika yale niliyoyaona Mama akiyafanya tangu siku hiyo, maana hayahitaji fedha. Chombo cha maji aliweka hatua mbili kutoka mahali pa kulala, na hakukihamisha tena. Ndoo na kuni hazikuachwa njiani, kwa kuwa mbwa kipofu hutembea kwa kumbukumbu. Watoto waliambiwa wakanyage kwa kishindo wanapomkaribia, ili ardhi imwambie kwamba kuna mtu, na wasimguse akiwa amelala. Gunia lilikunjwa mara nne likawa godoro. Ugali ulilowekwa. Kupe walitolewa kila Jumapili baada ya kanisa. Tahadhari moja Mama hakuijua, nami nilimwambia: vidonge vya maumivu vya binadamu asimpe, kwani vingi ni sumu kwa mbwa.

Ama lile gunia la usiku, hapana. Mbwa mzee aliyetupwa asipojulikana hafi papo hapo. Huzunguka majalalani, huumwa na mbwa wengine, hakuna wa kumpeleka kuchanjwa tena, na mtoto atakayemwuma huko hatajua mwenyewe ni nani wala kadi iko wapi. Ikifika siku ambayo mateso yamezidi, yaani hali, hasimami, analia, mwite daktari wa mifugo. Yuko katika halmashauri yako, na anao uwezo wa kumpumzisha bila maumivu.

Kuna watakaosema kwamba nimemsingizia mnyama hisia za watu. Jane Goodall, aliyeanza kuwachunguza sokwe mtu wa Gombe mwaka 1960 na kufariki dunia mwaka 2025, alisema mara nyingi kwamba hakufundishwa na maprofesa kuwa wanyama wana hisia. Alifundishwa utotoni na mbwa aliyeitwa Rusty. Mimi si mtaalamu. Najua tu nilichokiona chini ya kile kihenge.

Dhahabu alikufa Februari 2025, usingizini, chini ya mkwaju. Kwa bahati nilikuwa nimekwenda kumwona Mama aliyekuwa na homa. Kwetu si desturi kumzika mbwa, kwa hiyo Baba alipochukua jembe sikumwelewa mara moja. Udongo ulikuwa umelowa na ulichimbika vizuri. Tulikuwa tumefika magotini jirani alipotokea na jembe lake begani. Hakuuliza kitu. Alichimba upande wake, akizungumzia pamba na wanunuzi wa mwaka jana, mpaka shimo likatosha. Tulimfunika Dhahabu kwa gunia lake, tukarudishia udongo, tukaweka miiba juu kwa ajili ya fisi.

Jirani alipokwisha kuondoka Baba alibaki ameegemea mpini. Akaniuliza kama bado nakumbuka mahali alipotupwa Askari. Lile korongo limejaa migunga sasa, na huwezi kuona chini. Nikamwonyesha kwa mkono.