Meno ya Nakuru si Uchafu



Wazazi wengi wa pwani wana watoto na wajukuu waliolowea Nakuru, Naivasha na Gilgil kwa kazi, biashara ama ndoa. Warudipo likizo, baadhi ya watoto wao huonekana na madoa ya kahawia menoni, nasi tukakimbilia kusema kwamba mama yao hawahimizi kupiga mswaki. Juma hili twaikumbusha jamaa yetu kwamba kauli hiyo ni dhulma.

Jino na mfupa hujengwa kwa kalsiamu na fosfati, zilizojipanga safu kwa safu mithili ya matofali. Safu hizo hukubali kubadilishwa. Wataalamu watengenezao mifupa ya bandia huondoa sehemu ndogo ya kalsiamu, wakatia magnesiamu au zinki mahali pake, na umbo la ndani likabadilika. Katika Bonde la Ufa badiliko la namna hiyo hutokea pasi na hiari. Floraidi ya miamba ya volkeno huyeyuka katika maji ya visima, kisha huingia katika jino na mfupa, ikashika nafasi ya chembe za oksijeni na haidrojeni zilizo kando ya kalsiamu.

Ikiwa kidogo, huliimarisha jino. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya Nakuru hupita hapo. Ikizidi wakati meno ya mtoto yangali yakijengwa ndani ya ufizi, ganda la jino hutoka na vitundu vidogo, kisha hushika rangi. Hapana mswaki uwezao kuiondoa. Kwa miaka mingi, hata mifupa hukakamaa na kuuma.

Kuchemsha hakusaidii: maji hupungua, floraidi ikabaki. Magadi ya kuivishia maharagwe nayo huweza kuiongeza.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru ilianza kutengeneza vichujio vya makaa ya mifupa ya mifugo. Floraidi hunasa katika mfupa huo uliochomwa badala ya kunasa katika mfupa wa mtoto. Makaa yakishiba, sharti yabadilishwe.

Kuuliza uhalali wa mifupa hiyo ni haki. Wa nguruwe hatuutaki; na wa mnyama asiyechinjwa kisharia, wanazuoni wamehitilafiana. Muulizeni muuzaji asili yake. Mwenye kubaki na shaka akinge maji ya mvua kwenye paa safi, na ayaweke kwanza kwa watoto walio chini ya miaka minane, kwa kunywa na kupikia.

Ama binti aliyekwisha kupata madoa, asifundishwe kuufunika mdomo wake achekapo. Na anayekuja kuposa aambiwe ukweli: ni maji ya alikokulia.

Wabillahi tawfiq.