Anza na waya, sola itangoja

Haya wasomaji wangu, leo tuweke kando programu na seva. Nataka tuzungumze kuhusu umeme, tena umeme wa mahali padogo: ndani ya trela ya zamani ya kambi, ile nyumba ndogo ya magurudumu ambayo watu wa Marekani na Kanada huivuta nyuma ya gari wakienda kulala msituni au kando ya ziwa.

Jamaa yangu anayeishi Manitoba, Kanada, amenunua moja aina ya Boler, ya miaka ya 1970. Hizi zilianza kutengenezwa Winnipeg mwaka 1968. Ni za faibaglasi, urefu futi 13, umbo kama yai. Ndani hapafikii hata kile chumba cha kupanga cha futi kumi kwa kumi tunachokijua Nairobi. Ameniomba orodha ya vitu vya kununua: paneli za sola, betri ya lithiamu na inveta ya wati 2000. Nimemjibu kwamba orodha hiyo siandiki mpaka azing'oe nyaya za zamani. Ameniita mkaidi. Basi niueleze ukaidi wangu hapa, maana naona wengi wanafikiri kama yeye, hata huku kwetu.

Hoja yake si ya kipuuzi. Anasema nyaya hizo zimefanya kazi karibu miaka 50, kwa nini aziguse? Sisi tunaoandika programu tunalijua neno hilo: kinachofanya kazi usikiguse. Lakini tuulize, zilifanya kazi gani? Trela ndogo za enzi hizo zilikuwa na taa chache za volti 12, na soketi moja au mbili za volti 120 za kutumia ukifika kwenye uwanja wa kambi wenye umeme. Hakuna aliyewaza laptopu, simu nne, friji ya kompresa na feni ya usiku kucha. Programu iliyoandikiwa watumiaji kumi haijathibitisha lolote kuhusu watumiaji elfu moja. Waya nao ni hivyo hivyo.

Sasa hesabu kidogo, msikimbie.

Chukua kifaa cha wati 60. Kwenye volti 120 kinavuta ampea 0.5. Kwenye volti 12 kinavuta ampea 5. Waya wa shaba wa 1.5, ule ambao mafundi wetu huutumia kwa taa, una ukinzani wa kama omu 0.012 kwa kila mita. Kifaa kikiwa mita 5 kutoka kwenye betri, umeme unasafiri mita 10, kwenda na kurudi. Hiyo ni omu 0.12. Zidisha kwa ampea 5, unapoteza volti 0.6 njiani. Kati ya volti 12, hiyo ni asilimia 5. Kifaa kile kile, waya ule ule, kwenye volti 120 kingepoteza asilimia 0.05 tu. Yaani hasara imekuwa mara mia, na hakuna kilichobadilika ila volti.

Ndiyo maana mtu aliyezoea umeme wa nyumbani hudanganyika. Anaona wati 60, anasema ni kidogo. Katika volti 12 wati si kitu cha kutazama kwanza. Tazama ampea na urefu wa waya. Badala ya 1.5 weka waya wa milimita za mraba 6, na ile volti 0.6 inashuka hadi 0.15. Jihadharini na kitu kimoja: Marekani na Kanada hupima waya kwa namba za geji, na kule namba kubwa ni waya mwembamba. Geji 10 ni nene kuliko geji 14.

Kuna jambo jingine kwenye trela za zamani. Mara nyingi waya wa hasi haurudi kwenye betri. Umefungwa kwenye chasisi, na chuma ndicho kinachorudisha umeme. Chasisi ikishika kutu kwa miaka 50, taa zinaanza kucheza, pampu inakohoa, na mwenye trela anakimbilia kununua betri mpya. Betri haina kosa. Vuta waya wake wa hasi kutoka kila kifaa hadi kwenye betri, na maradhi mengi yanapona siku hiyo hiyo.

Tuje kwenye fyuzi, ambapo ndipo moyo wa maneno yangu. Watu wengi hudhani fyuzi imewekwa kulinda taa au redio. Kazi yake ya kwanza ni kulinda waya. Volti 12 haitakurusha ukiigusa, kwa hiyo watu huidharau, lakini betri ikipigwa shoti inaweza kutoa mamia ya ampea kwa mara moja. Waya mwembamba hugeuka kuwa kama ule wa hita. Sasa fikiria uko wapi: umelala ndani ya ganda la faibaglasi, ukutani kuna mbao na sponji, watoto wawili kitanda cha mwisho, na mlango ni mmoja tu.

Kwa hiyo fyuzi kuu ikae karibu kabisa na betri, si kule mwisho kwenye kifaa, maana kipande chochote cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi. Na ukubwa wake ufuate waya mwembamba kuliko yote katika njia ile. Yule anayeona fyuzi ya ampea 15 inakatika kila mara, akaweka ya 30 ili asisumbuliwe, anafanya sawa na mwandishi wa programu anayezima ujumbe wa hitilafu halafu anatangaza kwamba hitilafu imeisha.

Rangi nazo ni mtego. Katika umeme wa volti 120 wa kule, waya mweusi ndio laivu na mweupe ni nyutro. Kwenye gari, mweusi kwa kawaida ni hasi. Lakini ndani ya trela nyingi za kambi, upande wa volti 12, mweupe ndio hasi na mweusi ni chanya! Na fundi aliyejifunza Kenya zamani anakumbuka mweusi kama nyutro. Rangi moja, maana nne. Sisi tungesema ni jina moja lililopewa vitu vinne katika programu moja, na hakuna wa kukuonya kabla ya kuiendesha. Dawa ni ya bei nafuu: pima kwa mita kabla ya kuamini rangi, kisha bandika lebo kila waya, pande zote mbili, na chora ramani uibandike ndani ya mlango wa kabati. Trela itauzwa siku moja. Mwachie mwenzako maelezo.

Upande wa volti 120, aite fundi mwenye leseni. Mwenyewe ahakikishe mambo mawili tu: kwamba plagi ina ethi kweli, na kwamba ndani ya trela nyutro na ethi hazijaunganishwa. Zinaunganishwa huko umeme unakotoka. Zikiunganishwa ndani ya trela, hitilafu ndogo kwenye nguzo ya kambi inaweza kufanya chuma chote cha trela kiwe na umeme, na anayekanyaga nyasi mbichi akishika kitasa ndiye atakayegundua.

Baada ya hayo yote, sasa tuongee betri. Hii ndiyo bajeti ya siku moja niliyompigia:

- Taa 4 za balbu za kizamani, wati 18 kila moja, saa 4: wati-saa 288
- Laptopu, wati 60, saa 3: wati-saa 180
- Friji ya kompresa, wati 45, ikiwaka jumla ya saa 8: wati-saa 360
- Feni, wati 20, saa 8: wati-saa 160
- Pampu ya maji, wati 60, robo saa: wati-saa 15
- Simu mbili: wati-saa 30

Jumla ni wati-saa 1033. Gawanya kwa 12, unapata ampea-saa 86. Sasa badilisha balbu peke yake uweke taa za LED za wati 3. Taa zinashuka kutoka 288 hadi 48, na jumla inakuwa 793, yaani ampea-saa 66. Umeokoa ampea-saa 20 kwa siku kwa kununua balbu nne! Hakuna paneli itakayokupa faida hiyo kwa bei hiyo.

Betri ya risasi ya ampea-saa 100 haitoshi hapo, kwa sababu ukitaka idumu unatumia nusu tu, 50. Ya lithiamu ya fosfeti ya chuma ya ukubwa huo inatosha siku moja, ila haitaki kuchajiwa chini ya nyuzi 0, na Manitoba nyuzi 0 ni joto la kuvaa shati. Ikae ndani, au itolewe msimu wa baridi. Paneli ya wati 100 ikipata jua kamili la saa 4 inatoa wati-saa 400 kwenye karatasi, na pungufu ya hapo juu ya paa chini ya miti. Paneli mbili, basi, na siku ya mawingu apunguze feni.

Inveta ya wati 2000 nimeikataa waziwazi. Birika la wati 1500 linavuta ampea 12.5 kwenye volti 120, lakini kupitia inveta linavuta zaidi ya ampea 125 kwenye betri ya volti 12. Hiyo inataka waya mnene kama kidole gumba. Chai ichemshwe kwa gesi. Simu zichajiwe kwa soketi ya USB ya volti 12 moja kwa moja, na laptopu nyingi za leo pia.

Nimesema wengi wanafikiri hivyo hata huku kwetu. Nenda kijijini uone sola za nyumbani: betri nzuri, paneli nzuri, halafu waya wa spika umevutwa mita 15 hadi jikoni na taa inawaka kama kibatari. Mwenye nyumba analaumu paneli. Hesabu ni ile ile, shaba ni ile ile.

Paneli huonekana juu ya paa, waya hujificha ndani ya ukuta, kwa hiyo pesa hufuata kinachoonekana. Msimamo wangu: kwanza waya na fyuzi, pili lebo na ramani, tatu taa za LED, nne betri, mwisho kabisa sola. Pesa ikiisha katikati ya orodha hiyo, utakuwa na giza kidogo lakini utalala salama. Ukianzia mwisho na pesa ikaisha katikati, umeongeza nguvu kwenye kitu usichokijua.

Jamaa yangu ameanza kung'oa nyaya Jumamosi iliyopita, bado akinung'unika. Na wewe msomaji, kama una sola nyumbani, leo jioni chukua futi upime waya kutoka betri hadi taa ya mbali zaidi. Zidisha kwa mbili. Kisha piga hesabu.

Haya, tukutane wiki ijayo, tutarudi kwa programu.