Kocha Akinyamaza Wiki ya Final Four

Niseme mapema kabisa: naiunga mkono sheria ya NCAA inayowazuia makocha wa vyuo kuonana na vijana siku za Final Four. Najua baadhi yenu mliotutumia voisi hamkubaliani. Sawa, tubishane.

Kwanza tuelewane inasemaje, maana kwenye magrupu ya WhatsApp kila mtu ana yake. Kalenda ya usajili ya Divisheni ya Kwanza ina vipindi vya aina nne. Kuna muda kocha anaruhusiwa kuja mpaka sebuleni kwenu. Kuna muda anaweza kuja kukutazama ukicheza, ila huko nje ya chuo chake haruhusiwi kukaa na wewe wala wazazi wako. Kuna muda mnaonana chuoni kwake tu. Halafu kuna ule wanaouita dead period: hakuna kuonana ana kwa ana popote, hakuna kuja kukuangalia uwanjani. Simu na meseji ruksa.

Kwa nini wiki ile? Kwa sababu makocha wengi wanakuwa mji mmoja. Chama chao, NABC, kinafanyia mkutano wake hapo hapo. Bila sheria, kocha aliyefika Final Four angekuwa anaadhibiwa kwa kushinda: yeye yuko na timu yake, mwenzake aliyetolewa mapema anakunywa chai na mama yako. Mwaka 2023 Texas tulipata zote mbili wikiendi moja, wanaume Houston, wanawake Dallas. Kutoka American Airlines Center mpaka Carrollton, kama hakuna foleni, hata nusu saa haifiki. Wangeachiwa, kila mtoto mrefu wa hapa, wa kike kwa wa kiume, angegongewa mlango mpaka achanganyikiwe.

Na msiniambie mambo haya hayatuhusu. Hasheem Thabeet alitoka Dar es Salaam, akamalizia sekondari Cypress Christian School kule Houston, akasajiliwa UConn. Mwaka 2009 alicheza Final Four, Detroit, wakafungwa na Michigan State 82 kwa 73. Miezi michache baadaye akachaguliwa wa pili NBA, Mtanzania wa kwanza kufika huko. Chuo hicho hicho cha UConn, mwaka 2011, kiliadhibiwa na NCAA kwa makosa ya usajili wa mchezaji mwingine, simu na meseji zilizopita kiasi zikiwemo, na kocha Jim Calhoun akafungiwa mechi 3. Kwa hiyo sheria zina meno, japo mara nyingi yanachelewa kuuma.

Shida yangu iko kwingine. Sheria imeandikwa kwa ajili ya familia ambazo tayari zinaijua. Kwetu haijulikani. Binamu yangu anacheza high school hapa hapa, na kocha wa chuo fulani alikuwa anakuja kumtazama mara kwa mara, anamsalimia mama mdogo kwa adabu zote. Ikafika Final Four, haonekani. Meseji mbili fupi tu. Mama mdogo akasema, "Basi, wameshampata mwingine." Kwa mila zetu mtu mwenye nia njema anakuja nyumbani, eti meseji ndiyo nini? Hakuna aliyemweleza kwamba kocha angekuja, yeye angekuwa ndiye anayevunja sheria.

Ndani ya ukimya huo akaingia dalali. Jamaa si kocha, hana chuo, lakini ana suti na maneno matamu, anajua shule "nzuri zaidi" jimbo lingine, anataka nakala ya pasipoti ya kijana. Kocha wa chuo anahesabiwa siku zake. Huyu alikuja Jumapili baada ya kanisa na tena Jumanne.

Ningekuwa NCAA, ningemlazimisha kila kocha, kabla kipindi hakijaanza, awaandikie wazazi sentensi mbili: tarehe fulani hadi fulani siruhusiwi kuwaona, haimaanishi nimeacha. Waziandike hata kwa Kiswahili, watafsiri tupo wengi tu. Mpaka wafanye hivyo, kazi ni yetu sisi tunaosoma Kiingereza nyumbani. Kalenda iko kwenye tovuti ya NCAA, bure. Iprinti, ibandike kwenye friji. Na dalali akiuliza pasipoti, mwambie iko kwa baba, na baba yuko kazini mpaka usiku.