Neno Moja, Zawadi na Sumu



Wako wanaosema kuwa Mswahili tayari ana nusu ya Kiarabu kinywani, hivyo kamusi ya nini? Sisi hatukubaliani nao, na ushahidi tunaupata hata mbali, katika lugha za Ulaya.

Chukueni neno "gift". Kwa Kiingereza ni zawadi. Lakini mkilikuta Ujerumani limeandikwa juu ya chupa, msiiguse, kwani kwa Kijerumani ni sumu. Kwa Kiswidi ni sumu vilevile, na pia ni mtu aliyeoa au kuolewa. (Watani watasema hapo hakuna tofauti, sisi hatumo.)

La ajabu ni kwamba lugha hizi tatu ni ndugu, na asili ya neno ni moja: kutoa, kupa. Kiingereza kikabaki na kinachotolewa kwa wema. Wajerumani wakalitumia kwa kipimo cha dawa anachopewa mtu, kisha likaishia kwenye sumu, maana nayo mtu hupewa anywe. Hata hivyo mali anayopewa binti na wazazi wake akiolewa wanaiita "Mitgift" hadi leo. Waswidi wakaangalia kutolewa kwa binti kwenda kwa mumewe.

Tena kuna "no". Mwingereza na Mhispania wanakataa. Mpolandi akilisema katika mazungumzo, mara nyingi anakubali!

Ikiwa ndugu wa damu wanapishana hivi, je, Kiswahili na Kiarabu, ambavyo si ndugu bali vimeazimana tu? Neno "fitina" kwetu ni kuchonganisha watu. Basi mtu akiwakemea wasengenyaji huwasomea aya ya 191 ya Suratul Baqara, ambamo fitna imetajwa kuwa nzito kuliko kuua. Wafasiri wameeleza kuwa fitna ya hapo ni shirki, na kuwatesa waumini ili waiache dini yao. Na katika Suratut Taghabun, aya ya 15, mali na watoto wametajwa kuwa ni fitna, yaani mtihani. Mtoto akiisoma kwa Kiswahili cha mtaani atadhani ameitwa mchonganishi mbele ya wazazi wake.

Msengenyaji ana aya yake iliyo wazi, nayo ni ya 12 katika Suratul Hujurat. Asomewe hiyo.