Wamama, tuache kuunguza mawese

Pita katika avenyu yoyote ya Katuba au Kenya saa tano asubuhi, utajua kwa harufu nani anapika. Kabla kitunguu hakijaingia sufuriani, mafuta ya mawese yanawekwa juu ya makala na kuachwa mpaka moshi utoke na watoto waanze kukohoa. Mama anangoja rangi nyekundu iondoke. Yakiwa meupe, ndipo anasema yameiva.

Mimi naona hapo ametupa kitu bora alicholipia sokoni. Rangi ile si uchafu. Ni karotini, ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A, inayosaidia macho kuona gizani na kumpa mtoto nguvu ya kupigana na magonjwa. Kilo moja ya mawese mekundu ina kwa kawaida miligramu 500 hadi 700 za karotini, na moto mkali unaiharibu. Kisha kampeni ikifika tunapanga mstari na watoto wetu ili wapewe matone ya vitamini A! Twende, matone hayo ni ya lazima, lakini nyumbani nako tusiunguze ile tuliyo nayo.

Watanijibu kwamba mawese mabichi yanakwaruza koo. Ni kweli kwa mengine, na mara nyingi sababu ni ngazi zilizolala siku nyingi kabla ya kukamuliwa, au mafuta yaliyozeeka kwenye bidoni. Lubumbashi iko karibu mita 1200 juu ya bahari na kiangazi chake ni kirefu, mchikichi hauipendi. Mafuta yetu yanatoka mbali, Kasai, Lomami, Tanganyika, na njia ni zile tunazozijua. Kwa hiyo onja kabla ya kulipa. Muuzaji akikataa usionje, nenda kwa mwingine. Yaliyochacha yanafaa kwa watengeneza sabuni, si kwa sombe.

Na sombe yenyewe haihitaji moshi wote huo. Mimina mawese wakati majani yanachemka, yaive pamoja. Hata majani yana karotini yake, nayo inaingia mwilini vizuri zaidi ikikutana na mafuta. Kwa maharagi, pasha mawese kidogo tu, tia kitunguu, basi. Kukaanga mikate ni jambo lingine, tumia mafuta meupe ya dukani. Ila tusidanganyike kwamba hayo meupe ni ya kitajiri zaidi: mengi yanatoka kwenye mchikichi huohuo, kule Malaysia na Indonesia, na rangi imeondolewa kiwandani.

Sisemi tuyanywe kama maji. Karibu nusu ya mawese ni mafuta mazito yasiyoupendeza moyo yakizidi, na mwenye presha apime kijiko chake.

Kuna pia desturi moja inayonitisha. Mtoto akinywa petroli, jirani anakimbia na kikombe cha mawese ili atapike. Hapana! Akitapika, petroli inaweza kuingia mapafuni, na hapo ndipo watoto wanapotea. Usimpe mawese, usimpe maziwa, usimtapishe. Mbebe mpaka hospitali iliyo karibu, na uchukue chupa aliyoinywa ili daktari aione.